Nyimbo Kumi na Tatu za Eunike Nkya

Ukifika Machame ukamuulizia Eunike Nkya, watu watakutazama tu. Sema Mama Grace wa kigitaa, na hapo hapo utaonyeshwa njia mpaka mlangoni, tena pamoja na habari ambazo hukuziomba: kwamba ana ng'ombe watatu wa maziwa, kwamba mumewe Sifael alikuwa karani wa chama cha kahawa enzi kahawa ikiwa kahawa, na kwamba mama huyu ni mtu wa watu, hana neno na mtu, ila ana hilo jambo lake moja la kupiga gitaa la nyuzi nne ambalo ukilipakata utadhani umebeba kichanga. Mwaka 2007, mambo haya yalipotokea, alikuwa na miaka hamsini na miwili na kijiji kilikuwa kimeshamzoea. Mtu huzoea hata kengele ya kanisa juu ya paa lake.

Jina halisi la chombo hicho ni ukulele. Siku ya kwanza Eunike alipolitaja jina hilo jikoni kwa mama mkwe wake, bibi yule aliacha kumenya ndizi akauliza ni nani amepigiwa ukelele na kwa kosa gani. Kuanzia siku hiyo Eunike akasema kigitaa, na mambo yakaisha.

Alikipata kwa Sista Marjatta. Huyu alikuwa nesi kutoka Ufini, mwanamke mrefu asiyejua kuketi bure, aliyekuja mwaka 1986 kwenye zahanati ya usharika. Eunike alikuwa mhudumu wa pale, kazi yake kufagia, kuchemsha sindano na kushika watoto siku za kliniki. Siku hizo zilikuwa mtihani. Watoto walining'inizwa kwenye mizani mmoja mmoja, kila aliyening'inizwa akalia, na waliokuwa bado kwenye foleni wakalia kwa kumuunga mkono. Siku moja Sista Marjatta alifungua kabati la dawa, akatoa kigitaa, akaketi juu ya kreti la soda, akapiga. Watoto wakanyamaza. Mama zao nao wakanyamaza, maana walikuwa hawajawahi kuona nesi anayepiga muziki badala ya kufoka.

Eunike alijifunza kwa kutazama vidole. Saa nne, wakati wa chai, Sista alimwachia kigitaa naye akajaribu, na kwa kuwa alikuwa na sikio la kwaya hakuchelewa. Mwaka haukuisha kabla hajawa yeye ndiye mpigaji, Sista akabaki na mizani na kalamu yake. Walikaa hivyo miaka saba, wakawa marafiki kwa namna ile ya watu wanaofanya kazi moja bila kusemeshana sana. Mkataba ulipokwisha mwaka 1993 Sista alifunga virago vyake, na kigitaa akakiacha mezani.

"Mimi kule nitanunua kingine," alisema. "Wewe hapa hutapata."

Kweli hakupata. Nyuzi zilipokatika alifunga mshipi wa kuvulia samaki alioununua Moshi mjini, na ukalia vizuri tu. Wakaandikiana barua miaka kumi na minne, mbili kwa mwaka, ya Pasaka na ya Krismasi, habari za ng'ombe kwa habari za theluji.

Ndipo mwezi wa tano mwaka ule wa 2007 ikaja barua isiyo ya Pasaka wala ya Krismasi. Mwandiko ulikuwa wa kutetemeka, lakini Kiswahili kilikuwa kilekile cha zahanati, kisicho na mapambo.

"Eunike mpendwa," Sista aliandika. "Nina miaka sabini na tisa na vidole vyangu vimekataa kazi. Sipigi tena. Lakini nimejiunga na kundi la wapiga ukulele kwenye intaneti. Wako nchi nyingi, na hakuna hata mmoja anayeishi kwa muziki. Kila Jumatatu inatolewa mada, wiki moja mvua, wiki nyingine safari. Kila mtu anatafuta wimbo wa mtu mwingine unaofaa mada hiyo, anaupiga kwa namna yake, anauweka pale. Jumapili jioni binti yangu Liisa ananiwekea zote nasikiliza. Jiunge na wewe. Nataka nikusikie ukipiga kabla sijafa. Sisemi hivyo ili ulie, nasema ili uende mjini."

Eunike alilia kidogo, kisha akaenda mjini. Kupiga wimbo wa mwenzako si jambo geni. Bendi zote za nchi hii zimekua kwa kupiga kopi. Kilichokuwa kigeni ni hiyo intaneti. Kila Jumatano alikuwa akishuka Moshi kupeleka mtindi wa kikundi cha akina mama kwenye duka moja, na nyuma ya duka hilo kulikuwa na kafe ya intaneti yenye kompyuta sita. Mwenyewe aliitwa Victoria, dada wa mtaa wa Soweto hapo hapo Moshi, mchangamfu, mwenye mikono miwili iliyofanya kazi ya minne. Aliamkia, akasikiliza shida ya mama, akamvutia kiti.

"Tuweke jina gani, mama?"

"Langu."

"Wengi wanaweka majina ya bandia."

"Mimi simkimbii mtu," Eunike alisema. "Weka langu."

Victoria akaandika. Ukurasa ukajibu kwa Kiingereza, naye akatafsiri: karibu, ombi lako limepokelewa, tafadhali subiri. Jumatano iliyofuata kulikuwa na jibu jingine kwamba amekubaliwa, na jina lake likaonekana kwenye orodha ya wanachama, Eunike Nkya, Moshi, na mbele yake sifuri, yaani idadi ya nyimbo alizoweka. Akamwandikia Sista barua ya posta siku hiyo hiyo: "Nimejiunga. Utanisikia."

Basi hapo ndipo kosa lilipoanza, na mtu asiyekulia kwenye migomba ya Machame anaweza kumwona mama huyu mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa na adabu, na adabu nayo ina siku zake za kuponza.

Maji ya Machame hayapatikani kwa kuyataka. Kuna mfereji unaoshuka kutoka msituni juu, wenyewe wanauita mfongo, uliochimbwa na mababu, na kila kaya iliyo kando yake ina siku yake na saa yake ya kuyaelekeza maji shambani. Mgeni hafungui maji eti kwa sababu ameyaona yakipita mlangoni. Anakwenda na wenzake siku ya kuusafisha mfongo, anachimba matope, anasalimia watu, ananyamaza, mpaka wazee wa mfongo wenyewe wampe siku. Eunike alipoolewa alikaa miezi mitano akiyatazama maji yakienda kwa jirani, mboga zake zikinyauka, asiguse. Jioni moja akaitwa na kuambiwa, "Mke wa Sifael, yako ni Alhamisi asubuhi." Alitembea kwa maringo wiki nzima. Aliyewahi kufungua maji kabla ya kupewa siku alisemwa kwa jambo hilo mpaka kwenye matanga yake, na aliyemleta mgeni huyo kijijini akasemwa pia.

Sasa Eunike alipowaona watu wa nchi thelathini wakifuatana kuweka nyimbo, mmoja Jumatatu, mwingine Jumanne, watatu Ijumaa, kwa utaratibu na bila kugombana, alijua anachokiona. Ulikuwa mfongo. Kukubaliwa amekubaliwa, siku hajapewa. Na kwa kuwa aliyemleta ni Sista Marjatta, hakuwa tayari kumwaibisha mwenzake mbele ya watu kwa pupa.

Akasubiri. Lakini hakusubiri kwa uvivu. Kila Jumatano aliivaa ile hedifoni ya Victoria, akasikiliza nyimbo za wiki iliyopita kwa nusu saa, akaandika mada ya wiki mpya kwenye daftari, akapanda gari kurudi. Njiani kichwa kilikuwa kinatafuta wimbo. Jumamosi baada ya kukamua alifunga mlango wa sebuleni, akaweka kaseti kwenye redio, akabonyeza kitufe chekundu, akapiga.

"Unampigia nani?" Sifael alimuuliza mara ya kwanza.

"Najiandaa, Baba Grace. Nikipewa siku isinikute mikono mitupu."

Mada ya mvua aliipigia wimbo waliokuwa wakiimba wasichana wakikata majani ya ng'ombe kwenye manyunyu ya mwezi wa sita, wakati ukungu unashuka mpaka mtu haoni panga lake. Mada ya safari aliipigia wimbo wa dansi uliokuwa ukichezwa redioni yeye akiwa na miaka kumi na minane, wa mwanamume anayeaga stesheni na haondoki. Ilipokuja mada ya chakula alikaa siku mbili bila wimbo, mpaka akakumbuka ule ambao mama mkwe wake aliuimba peke yake akikoroga kiburu cha ndizi na maharage, nao ukamtoa machozi maana bibi alishafariki. Alipiga nyimbo za shule, za kubembeleza watoto, za kipaimara. Kwa wiki zote hizo kaseti ilikuwa moja, na juu yake ameandika kwa kalamu ya wino: *Zangu. Msifute.*

Ni haki kusema kwamba alifurahi wiki hizo. Alikuwa na jambo lake. Alianza kuwajua wale watu kwa sauti: mama wa Ufilipino aliyecheka kila alipokosea, bwana wa Ujerumani aliyepiga kila kitu kama anahesabu mifuko ya saruji, na yule mkuu wa kundi, Desmond, fundi bomba mstaafu wa Ayalandi mwenye sauti ya mtu anayeongea na mjukuu. Aliwapenda. Akamweleza Sifael habari zao mezani, na Sifael, ambaye hakuwahi kuwasikia, akaanza kuuliza kama yule wa Ujerumani ameona tabu gani tena wiki hii.

Victoria alimuuliza mara moja tu. "Mama Grace, na wewe huweki wimbo wako?"

"Bado sijapewa siku."

Foleni siku hiyo ilikuwa imefika mlangoni na kompyuta ya nne imegoma. Victoria akadhani ndivyo kundi lilivyo, akaitikia, akaenda kuipiga kibao kompyuta yake. Mtu wa mjini hana muda wa kuuliza jambo mara mbili.

Wiki zikapita. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Barua ya Sista haikuja, na Eunike akajiambia kwamba posta ni posta. Kahawa ikaanza kuiva na kuwa nyekundu. Sifuri mbele ya jina lake ilibaki sifuri.

Jumatano ya wiki ya kumi na tatu, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, alikuta Victoria ameshafungua ukurasa na anausoma mwenyewe, uso umembadilika.

"Mama, yule rafiki yako mzungu anaitwa nani?"

"Marjatta."

"Keti kwanza."

Liisa, binti wa Sista, alikuwa amewaandikia watu wote wa kundi. Victoria akatafsiri polepole, akirudi nyuma pale alipoona hakupatia vizuri: "Mama yangu Marjatta yuko kitandani hapa nyumbani, na daktari anasema siku zake si nyingi. Bado anasikiliza nyimbo zenu kila Jumapili. Ule wa mwisho ukiisha na kompyuta ikinyamaza, ananiuliza, ndio mwisho? Namwambia ndio. Ananiuliza, una hakika? Amefanya hivyo kiangazi chote. Sijui anasubiri nini. Nawashukuru sana."

Eunike alivua hedifoni akaiweka mezani. Yeye alijua Sista anasubiri nini.

Nyumbani alimweleza Sifael yote, wamekaa jikoni, chai haijanyweka. Sifael hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuna kidevu.

"Kwani maji hayaombwi?" alisema. "Ukiwa na mgonjwa unakwenda kwa mkuu wa mfongo. Unamwambia shida yako. Anakupa hata saa moja kutoka kwenye siku ya mwingine."

"Kwa mkuu wa mfongo huendi mikono mitupu. Unabeba pombe ya mbege."

"Utampelekea mbege kwa waya, Mama Grace? Omba tu. Mwambie ulikuwa tayari kuileta."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku yao ya maji. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe Eunike alimwachia jirani zamu yake, akavaa kitenge cha kanisani, akaweka kaseti kwenye mkoba. Sifael akabeba redio. Hakuna aliyemwambia aje, alikuja tu.

Victoria alikaa kwenye kibodi, Eunike akasema, na barua ikaandikwa kwa Kiingereza ikiwa na heshima zake zote. "Mheshimiwa Desmond, mkuu wa kundi. Mimi ni Eunike, mke wa Sifael Nkya, wa Machame. Niliingia kwa kuletwa na Marjatta, nami nimekaa kimya wiki kumi na tatu nikisubiri kupewa siku yangu. Sijalalamika. Lakini sasa Marjatta anaumwa na aliniomba nimpigie. Naomba unipe siku, hata nusu ya siku ya mtu mwingine, naye nitamrudishia. Ingekuwa karibu ningekuja mwenyewe na kinywaji."

Kule Ayalandi kulikuwa asubuhi, na wastaafu hawana kazi nyingi asubuhi. Chai waliyoagiza haijapoa jibu likaingia. Victoria alilisoma peke yake kwanza. Kisha akalisoma tena, na alipoanza kutafsiri hakumtazama Eunike usoni.

"Anasema: 'Eunike mpendwa, hapa hakuna anayegawa siku. Kila wiki ilikuwa yako. Siku zote zilikuwa zako tangu tulipokukubali. Ningekuwa nimejua ningekuja kukugongea mlango. Nisamehe sana.'"

Kafe ilikuwa na watu wanane na kelele za kibodi. Eunike aliketi wima na mkoba magotini. Aibu ilimjia kwanza, ikapita. Iliyofuata ilikuwa hasira, na haikuwa kwa Desmond wala kwa Victoria. Wiki kumi na tatu. Jumapili kumi na mbili mwanamke mgonjwa amekaa akisikiliza bwana wa Ujerumani, na mama wa Ufilipino, na wote wale mpaka wa mwisho, halafu anauliza kama amebaki mmoja. Na huyo mmoja alikuwa amejifungia sebuleni kwake na kaseti, anajiona mtu mwenye adabu.

"Nimemnyima," alisema. "Maji yalikuwa yanapita hapa mlangoni, na mimi nimemnyima."

Sifael alikuwa ameshaiweka redio juu ya meza, anatafuta mahali pa kuchomeka waya.

"Ziko ngapi kwenye kaseti?" aliuliza.

"Kumi na mbili. Ya wiki hii bado."

"Tutume zote."

"Ni mmoja kwa wiki, Baba Grace. Ndiyo sheria yao."

"Nyumba ikiungua hakuna zamu," Sifael alisema, na akaendelea kutafuta soketi.

Victoria akamwandikia Liisa moja kwa moja, si kwenye ukurasa wa kundi. Akaeleza kwa mistari mitatu Eunike ni nani na nini kinakuja. Halafu kazi ikaanza. Hapakuwa na waya wa kuunganisha redio na kompyuta, kwa hiyo maiki ya hedifoni iliwekwa mbele ya spika ya redio, juu ya kitabu cha simu, na kila wimbo ulipokuwa ukichezwa kuingia kwenye kompyuta, ilibidi kafe nzima inyamaze. Victoria alisimama katikati ya chumba akawatangazia wateja. Kompyuta ya kwanza leo ina mgonjwa, alisema, anayetaka kukohoa akakohoe nje.

Watu wakatii. Waongoza wageni wawili waliokuja kujibu barua za watalii wao waliondoa mikono kwenye kibodi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga simu alitoka nje, akarudi, akabaki amesimama mlangoni. Wimbo ulipigwa dakika tatu, kisha ukachukua dakika kumi na tano au ishirini kusafiri, mstari wa bluu ukitambaa kwenye kioo, na ulipofika mwisho Victoria alisema, "Umekwenda," na Sifael akabonyeza kaseti kwa ajili ya mwingine. Mvua ikaenda. Safari ikaenda. Umeme ulikatika saa saba wakiwa kwenye wa tano, Victoria akawasha jenereta, lakini kelele yake ingeingia kwenye wimbo, ikabidi aizime kila wakati wa kurekodi na kutumia betri ya akiba, ambayo ilidumu dakika nne. Wakazoea. Dakika tatu za wimbo, moja ya kuomba Mungu.

Ilipofika saa kumi na moja, nyimbo kumi na mbili zilikuwa zimekwenda. Ilibaki mada ya wiki hii, ambayo ilikuwa nyimbo za kazi. Eunike alitoa kigitaa kwenye mfuko wake, akasogeza kiti, akaimba hapo hapo mbele ya watu wimbo ambao wanawake wa zahanati walikuwa wakiwaimbia watoto mizanini, wa kumwambia mtoto kwamba hapimwi kuuzwa, anapimwa kupendwa. Wawili kati ya wateja walikuwa wanaujua. Walipimwa kwenye mizani ile ile, au ya jirani yake. Waliimba kiitikio kwa sauti ya chini, na Victoria hakuwakataza.

Ulipokwenda huo, Eunike alilipia muda wake, akafunga mfuko, wakarudi nyumbani na ng'ombe walikuwa wanalia zizini kwa kuchelewa kukamuliwa.

Siku zilizofuata alifanya kazi. Alichuma kahawa, aliosha ndoo, alikwenda kwaya. Aliomba, na maombi yake yalikuwa mafupi: asikie. Jumatano akashuka Moshi, na safari hii Sifael alikuja tena, akasingizia kwamba anataka kununua betri za tochi.

Barua ya Liisa ilikuwepo. Victoria akawavutia viti viwili.

"Mpendwa Eunike. Nyimbo zilianza kufika Alhamisi mchana. Niliuweka wa kwanza, na Mama akalitaja jina lako kabla hujafungua mdomo kuimba. Nikajua ndiye aliyekuwa akisubiriwa. Ijumaa tulisikiliza kutwa. Alisikia tisa. Angesikia zote kumi na tatu, lakini alitaka wa nne urudiwe, na ulipoisha akataka tena. Tuliurudia mara nyingi sana, nilishindwa kuhesabu. Kila mara alicheka mahali pamoja. Jumamosi asubuhi baada ya wa tisa nilizima, nikasubiri aniulize kama ndio mwisho. Hakuuliza. Alilala, na mchana akafariki. Zile nne alizokuwa hajazisikia zitapigwa kanisani siku ya kumzika. Naomba unisaidie jambo moja. Katikati ya wimbo wa nne kuna sauti ya mwanamume. Anasema nini?"

Eunike alifunika uso kwa mikono. Wimbo wa nne ulikuwa wa mada ya asubuhi. Alikuwa katikati ya ubeti wa pili Sifael alipofungua mlango wa sebuleni bila kubisha, akauliza kwa sauti yake ya zizini, "Mama Grace, ile ndoo ya maziwa umeiweka wapi?" na yeye, bila kuacha kupiga, akajibu kwa mahadhi ya wimbo wenyewe kwamba iko nyuma ya mlango. Alikuwa ametaka kuufuta. Aliuacha kwa uvivu tu, na siku ya kutuma kila kitu kilikwenda kama kilivyo.

Alilia hapo kwenye kiti, na hakujua sehemu gani ya kilio ni ya furaha. Tisa amesikia. Nne hakusikia, na Jumapili kumi na mbili hazitarudi, hilo atakwenda nalo kaburini. Lakini alicheka. Amekufa akiwa amecheka.

Sifael alikuwa ametazama sakafu muda wote. Miaka saba, kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini kwake kwenye chama cha kahawa, alikuwa akipitia zahanati na ndoo hiyo na kumpimia Sista Marjatta lita moja ya maziwa, na kila asubuhi Sista alimwambia kwamba amechelewa.

"Sasa tumjibu nini huyu binti?" Victoria aliuliza, vidole juu ya kibodi.

Eunike alimtazama mumewe.

"Mwandikie," Sifael alisema. "Mwandikie nilikuwa naulizia ndoo ya Sista."